Mke wa baba amefika hadi jikoni kwangu

Swali: Nina miaka 34, nafanya kazi ya uhasibu na naishi Lanet hapa Nakuru. Nyumbani ni Kakamega, upande wa Shinyalu. Mama alifariki 2019. Baba ni mwalimu mstaafu mwenye presha. Alioa tena 2022, na mama mdogo alikuja na watoto wawili wa shule. Ananipigia simu mara nne kwa wiki: unga, karo, mbolea, dawa. Mwaka jana alikuja kwangu "siku mbili" za kliniki, akakaa wiki tano. Alipanga jikoni upya, akamuuliza dada wa kazi namlipa ngapi, na mbele ya wageni akaniuliza kwa nini sijaolewa. Picha ya mama imeondolewa sebuleni na vitenge vyake nimeviona vimevaliwa na watu. Nikimwambia baba, jibu lake ni moja: "Mheshimu mama yako." Kaka yangu wa Kisumu anasema nivumilie. Nitaweka mipaka vipi bila kuitwa mtoto asiye na adabu, na bila kumpoteza baba?

Jibu: Dada, tuanze na hilo neno la mzee, maana ndilo linalokufunga mikono. Mzee hajakosea. Shida ni kwamba nyote watatu mmepika heshima na ruhusa katika sufuria moja. Heshima ni salamu, jina unalomwita, sauti, kumtolea kiti, kumpokea mzigo langoni. Ruhusa ni mfuko wako, mlango wako, chumba chako cha kulala, mambo yako ya ndoa na kizazi. Heshima mpe yote bila kupima. Ni mke wa baba yako, na ndiye anayejua kama mzee alimeza dawa jana usiku. Ruhusa unatoa wewe kwa kiasi unachotaka, na unaweza kuipunguza bila kugusa heshima hata kidogo.

Walio wengi katika hali yako hufanya kinyume. Hasira ikipanda wanapunguza salamu, wanaanza kusema "huyo mama", wanafika bomani na kupitiliza hadi kaburini bila kuingia jikoni kusalimia, huku mfuko na mlango wakiviacha wazi kama zamani. Anatumiwa pesa kwa kinyongo, analala kwa mwenye nyumba aliyenuna. Sasa fikiria majirani wa Shinyalu wanaona nini. Ujumbe wa M-Pesa hawauoni. Salamu iliyokosekana wanaiona, na hapo ndipo jina la "mtoto asiye na adabu" hutoka. Ukitaka kukataa jambo kubwa, hakikisha kwanza hakuna dogo la kushikiliwa.

Kwa hivyo chagua jina moja la kumwita na ulitumie daima, hata akiwa hayupo, hata ukiongea na kaka yako. "Mama mdogo" linatosha, au "mama" na jina la kifungua mimba wake. Hakuna anayeweza kukulazimisha useme "mama" peke yake kama jina hilo kwako bado ni la marehemu. Jina lake tupu, alilopewa na wazazi wake, usilitamke kamwe.

La pili la msingi: mpaka ni jambo utakalofanya wewe. "Asinipigie simu ovyo" ni tamaa tu, na utimilifu wake uko mikononi mwake. "Nikiwa kazini sipokei simu za nyumbani, napiga mwenyewe Jumapili saa mbili usiku" ni mpaka, maana unahitaji kidole chako tu. Kila unachotaka kibadilike kiandike, kisha kigeuze mpaka sentensi ianze na wewe. Kisichogeuka, kama vile "aache kuvaa kitenge cha mama", si mpaka. Hicho ni ombi, na kina njia yake, nitafika huko.

Usianze kukataa kitu chochote wiki hii. Chukua daftari, na kwa siku 30 andika kila simu: tarehe, kilichoombwa, kiasi, na uliishia kutuma ngapi. Wewe ni mhasibu, hili halikupi shida. Mara nyingi daftari huonyesha makundi mawili. Moja ni mahitaji yenye msimu: kufungua shule Januari, mwisho wa Aprili na Agosti, kupanda Machi, dawa za mzee kila mwezi. La pili ni simu ndogondogo za mia tano mia tano zinazofuatana na kitu kingine, kwa mfano siku ambazo mzee hayuko nyumbani au wiki ambayo wewe hukupiga simu. Kundi la kwanza linapangiwa bajeti. La pili halihitaji pesa nyingi, linahitaji utaratibu.

Tuseme unapokea 60,000 mkononi, na baada ya kodi, chakula na akiba yako unaweza kutenga 6,000 za nyumbani bila kukopa. Gawanya hivi: 4,000 zinakwenda kwa simu ya mzee tarehe 5 ya kila mwezi, usiruke. 2,000 zinabaki kwako katika akaunti ya pembeni. Kwa mwaka ni 24,000. Humo ndimo inamotoka mbolea ya Machi. Kwa ekari moja ya mahindi ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa CAN mahindi yakifika magotini, pamoja na kilo 10 za mbegu. Mbolea ya ruzuku imekuwa ikiuzwa 2,500 kwa mfuko, ila lazima mzee awe amesajiliwa, maana ujumbe wa kuichukua huingia kwenye simu yake. Humo pia inatoka bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mshahara hukadiriwa mchango wake na kulipa wa mwaka mzima. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Ukimlipia mzee, mke aliyesajiliwa kama mwenzi wake anahesabiwa katika kaya hiyo hiyo. Umemtibu mama mdogo bila kumpa shilingi mkononi, na simu za "nimeugua, nitumie" zinapata jibu fupi: SHA imelipwa, nenda hospitali.

Kwa nini pesa ziende kwa mzee? Kwanza, matunzo ya mke ni ya mumewe, naye ana pensheni. Pili, zikipitia kwake, mahitaji ya nyumba lazima yajadiliwe nyumbani kabla hayajafika Lanet, na mengi huishia huko huko. Tatu, kuna jambo la kisheria ambalo wachache hulijua: kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinamtaja mzazi wa kambo kuwa mtegemezi wa marehemu kama marehemu alikuwa akimtunza hadi kufa kwake. Yaani anayeweza kudai katika mali yako si mtoto wako tu. Sisemi hivyo ili uogope kumnunulia mtu sukari. Nasema ili ujue matunzo ya kudumu yana uzito.

Pesa ikishaingia kwa mzee, ni yake. Akimpa mkewe yote, au mkewe awe ndiye anayejua namba ya siri ya simu, nyamaza. Huwezi kudai usiingiliwe mfuko huku unakagua wa wenzako.

Hapa kuna mtego ambao huvuruga mpango mzima. Kama mzee ana deni la Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, pesa utakayotuma inakatwa papo hapo kabla hajaigusa. Unatuma 4,000, anabaki na 2,600, na jioni simu zinaanza tena: "Pesa ilikuwa kidogo." Wewe unaona ulafi, wao wanaona uchoyo, na aliyekula ni mtandao. Muulize mzee mapema, mlipie deni hilo mara moja, na kama hataki lirudi ajiondoe kupitia *234#.

Karo ya wale watoto wawili iamue peke yake, na mapema. Huna wajibu nayo. Wana mama yao, pengine na baba yao, na sasa wana mzee. Ukitaka kusaidia, chagua kitu kimoja chenye mwisho, kwa mfano sare au vitabu vya Januari, na ulipe moja kwa moja shuleni au dukani. Ukishaanza kulipa sehemu ya karo "kadiri nitakavyopata", utakuwa umejiandikisha mpaka kidato cha mwisho.

Sasa namna ya kukataa. Sema: "Mama mdogo, ya nyumbani nilituma kwa baba tarehe 5. Zaidi ya hiyo sina mwezi huu." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utatamani kueleza kwamba kodi imepanda na gari limeharibika. Usieleze. Kila sababu unayotoa ni mlango: ukisema kodi, utaulizwa kwa nini usihamie nyumba ndogo, ukisema gari, utaambiwa wenzako wanapanda matatu. Asiye na sababu ya kujadiliwa hajadiliwi. Akiendelea, rudia sentensi ile ile kwa sauti ile ile, kisha: "Haya mama, nisalimie watoto, usiku mwema." Na usiseme "nitaona". Kwetu "nitaona" ni ahadi, na utadaiwa.

Nyumba yako nayo. Mgeni hukaa wiki tano kwa sababu siku ya kuondoka haikutajwa siku ya kufika. Akisema anakuja, mjibu kwa tarehe mbili: "Karibu sana. Fika Ijumaa jioni nitakuwepo, na Jumatatu alfajiri nakupeleka stejini." Siku anayofika, lipia kiti chake cha kurudi na umwonyeshe ujumbe wa malipo, kwa furaha, kama zawadi. Kama ni kliniki, omba kuona kadi yenye tarehe ya miadi. Kliniki nyingi za kawaida zinapatikana Kakamega kwenyewe, na Kisumu iko kama kilomita 50 tu kutoka Kakamega mjini, kwenye hospitali ya rufaa ambayo wazee bado wanaiita Russia. Ikiwa daktari amemwelekeza Nakuru kweli, mpokee na umsindikize hadi mapokezi. Akitokea langoni bila taarifa, usimfungie mlango. Mlishe, alale, na kesho yake asubuhi mpange safari. Ila mwambie usiku huo huo, akiwa ameshakula, si asubuhi amebeba beseni la kuoga.

Jikoni kuna kanuni ambayo yeye anaijua kuliko wewe. Shinyalu, kuku akichinjwa, firigisi inamwendea mzee na mama mdogo ndiye anayegawa nyama. Hakuna binti wa mjini anayeingia kumgawia. Itumie hiyo hiyo. Ukiwa kwake, usipange vyombo, usifungue ghala, usiulize unga umeisha lini. Halafu akiwa Lanet na kuanza kuhamisha masufuria, una haki ya kucheka na kusema: "Mama mdogo, kwako mimi ni mgeni, na hapa leo wewe ni mgeni. Kaa, nikuletee chai." Dada wa kazi mwambie mapema kwamba mshahara wake na zamu zake ni mambo ya nyie wawili, akiulizwa, ajibu, "Muulize dada." Usimwache msichana wa watu ajitetee mwenyewe mbele ya mtu mzima.

Suala la ndoa na watoto lina mlinzi wa asili ambaye naona umemsahau. Kwa Waluhya, msichana huulizwa habari za ndoa na shangazi yake, senje, dada wa baba. Hiyo si kazi ya mke wa baba, hata akiwa na nia njema. Kwa hiyo jibu lako lisiwe ukali wala utetezi wa maisha yako: "Hayo huwa nazungumza na senje." Umemkumbusha mpangilio wa nyumba aliyoolewa, na hana pa kushika. Mpigie senje yako wiki hii umwambie umemtaja, asije akaulizwa akashtuka. Kama senje mwenyewe ndiye msumbufu zaidi, basi pole, mtaje nyanya yako.

Vitu vya mama ndivyo vyenye uchungu, na ndivyo watu huvikosea zaidi. Sheria haitakusaidia hapa. Mtu akifa bila wosia na kuacha mwenzi na watoto, vyombo vya nyumbani na vitu vyake binafsi humwendea mwenzi, kifungu cha 35. Vile vitenge vilikuwa vya mzee kutoa, na pengine alimpa mkewe bila kufikiria, kama wanaume wengi wasivyofikiria kitambaa kina nini. Kwa hivyo nenda kama muombaji. Andika vitu visivyozidi vitano. Ukiandika ishirini utaonekana umekuja kuvunja nyumba. Picha, kitenge kimoja unachokikumbuka, Biblia yenye majina yenu ukurasa wa mbele, labda cherehani. Omba kwa baba, mchana, na uondoke navyo siku hiyo hiyo. Picha usidai irudi ukutani sebuleni. Mwanamke anayeishi chini ya picha ya mwenzake miaka yote naye ana moyo. Ipeleke studio mjini, toa nakala mbili kubwa, moja yako na moja ya kaka yako, na ile ya asili iwekwe kwenye simba ya kaka, ile nyumba yake ya ujana bomani, mahali ambapo si pake wala si pa kufichwa. Kaburi halihitaji ruhusa ya mtu. Palilia kila ukienda, ila pitia jikoni kusalimia kwanza.

 

Tufike kwa mzee. Mpaka wowote na mzazi wa kambo unapitia kwa mzazi wa damu, na hapo ndipo umekuwa ukikwama, kwa sababu unampelekea mashtaka. Mashtaka yanamfanya hakimu, na hakimu huyu analala nyumba moja na mshtakiwa. Atamchagua yeye, na atakuwa sahihi, kwani ndiye atakayekuwa naye ukisharudi Nakuru.

Usimwambie kwa simu. Simu za nyumbani huwekwa spika. Chukulia daima kwamba mama mdogo anasikia. Usimwambie jioni, wala baada ya kanisa, wala Desemba boma likiwa limejaa, wala kwenye matanga. Chagua Jumamosi ya kawaida, mwezi ambao si wa kufungua shule wala wa kupanda. Juni ni mzuri. Fika saa nne asubuhi. Ingia jikoni kwanza, msalimie mama mdogo, mpe mkononi mwake kilo mbili za sukari, majani na mkate. Kunywa chai. Kisha mwambie mzee akutembeze hadi shambani akuonyeshe mahindi. Wazee huongea vizuri zaidi wakitembea, macho yakiwa mbele, kuliko wakikaliwa uso kwa uso.

"Baba, mama mdogo namheshimu na nitaendelea kumheshimu. Sina shtaka juu yake leo. Nina maombi matatu ambayo ni wewe tu unayeweza kuyajibu." Halafu yataje: pesa za nyumbani zitakuja kwako tarehe 5, na hitaji lolote kubwa nilisikie kutoka kinywani mwako, anayekuja Lanet nijulishwe wiki moja mbele na siku ya kurudi, na vile vitu vinne vya mama. Yasizidi matatu. Usimwombe "azungumze na mkewe", kwa sababu atayabeba maneno yako kama mtu anavyobeba maji kwenye kikapu.

Atakujibu, na majibu yake yanakisika. "Kwa hivyo mke wangu hawezi kuja kwako?" Sema: "Anakaribishwa, baba. Nataka nijue siku nimpokee stejini." Au, "Wewe ni mtoto, huwezi kunipangia nyumba." Sema: "Nyumba yako sipangi, baba. Napanga mshahara wangu." Lenye makali ni hili: "Mama yako angekuwa hai ungemwambia hivi?" Usiingie. Ukisema ndiyo, umemtusi marehemu. Ukisema hapana, umekiri huyu humpendi. Sema, "Hayupo, baba," na uache kimya kifanye kazi. Kuna uwezekano yeye pia hajawahi kulisema hilo kwa sauti.

Akisema tu "nimesikia", umepata jibu. Usimdai ahadi. Na kabla ya kuondoka rudi jikoni umwambie mama mdogo kwa kinywa chako: "Nimemwambia baba pesa za nyumbani nitakuwa namtumia yeye. Nimeona nikuambie mwenyewe usisikie kwingine." Usiku huo atalisikia kwa mzee vyovyote vile, ila toleo la kwanza litakuwa lako.

Mzee akikataa kabisa kusikia, mtu wa tatu awe senje au baba mdogo wako, aliyekula chakula cha nyumba hiyo kabla yenu wote. Usimpeleke mchungaji wa kanisa analosali mama mdogo, na usimpeleke chifu. Chifu huitwa penye fujo, si kwa maneno ya nyumbani. Kukipita maneno na kufika kupigwa au kutishiwa, hiyo si mipaka tena: nenda polisi, au piga 1195, namba ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili.

Shamba usilichanganye na haya. Ukitaja hati siku moja na vitenge, kila kitu kitaonekana ni urithi. Lakini jua mawili kimoyomoyo. Ardhi ya kilimo iliyo kwa jina la baba haiuziki bila idhini ya bodi ya ardhi, na kwa desturi bodi hutaka kuona familia. Na kama kuna kipande kilichokuwa kwa jina la mama yako, hakiwezi kuhama bila mahakama: atahitajika mwombaji mwenye cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote. Baba ana haki ya kukitumia maisha yake, kisha kinawarudia watoto wa marehemu. Anayekigusa kabla ya kibali cha mahakama ana kesi ya jinai chini ya kifungu cha 45, faini hadi 10,000 au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kama kipo, huo ni mradi wa mwakani, mkiwa pamoja na kaka yako.

Tegemea wiki sita hadi nane za kwanza kuwa mbaya kuliko sasa. Simu zitaongezeka, zitakuja kupitia watoto, zitapita kwa jirani, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kutawekwa neno kuhusu "watoto waliosahau nyumbani". Usijibu kikundini, hata kwa picha ya risiti. Mpigie mzee umuulize kama ya tarehe 5 ilifika, basi. Kosa linaloua mipaka mingi ni hili: unakataa mara nne, mara ya tano umechoka, unatuma 500 upate kulala. Umemfundisha kwamba bei ni simu tano. Mwezi ujao atapiga tano moja kwa moja, na hapo kosa si lake. Ndiyo maana, ingawa mzee umemtajia yote matatu, nasema anza kukaza pesa peke yake, ishikilie miezi mitatu, ndipo ukaze ya wageni. Kaka yako akiendelea kutuma kisirisiri ili aonekane mwema, mwache. Mwambie tu asikuhesabie.

Na mwangalie huyu mama kwa jicho la pili. Aliingia boma lenye kaburi la mwenzake, na watoto wakubwa ambao siku mzee akifa wanaweza kumwambia afunge virago. Simu nyingi za mia tano huwa zinauliza: je, mimi ni wa hapa? Kitu kimoja kinaweza kuzipunguza kuliko ukali wote: baba asajili ndoa hiyo. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kimila nayo husajiliwa na kupewa cheti. Utaona kama unampa silaha, lakini mke mwenye cheti hana haja ya kupima nafasi yake kila wiki kwenye simu yako, na siku ya matanga mabishano yanakuwa machache. Lipendekeze wakati mwingine, si siku ile ya shambani, lisije likaonekana hongo.

Mzee anaweza kununa mwezi mmoja au miwili, akijibu simu kwa "ndiyo" na "sawa". Wewe piga vile vile, Jumapili saa mbili usiku. Muulize ng'ombe amezaa, presha inasemaje, mvua imefika. Mwisho omba uzungumze na mama mdogo, msalimie kwa jina lake lile lile, dakika mbili, ukate.